Mwaka wa Matunda Damu

Habari za kifo cha Mwalimu Zuberi nilizipata kwa Debora, na Debora hakuzisema mara moja. Alipiga simu asubuhi nikiwa nafuta vyombo jikoni, akaniuliza mvua huku Lushoto ikoje, akaniuliza goti langu linaendeleaje, kisha akanyamaza muda mrefu mpaka mtu mwingine angedhani mtandao umekatika. Sikumharakisha. Nimekaa naye dawati moja, najua kwamba ukimya wake huwa na kitu ndani na ukiuvunja utakikosa. "Mwalimu Zuberi amefariki," akasema mwishowe. "Wameshamzika kwao Muheza. Nataka twende tukampe pole mkewe, lakini peke yangu sitaweza." Tukakubaliana tukutane stendi ya Korogwe, yeye akitokea Bungu alikoolewa, mimi nikishuka kutoka huku milimani. Nilipoweka simu chini nilikaa kwenye kigoda nikaacha chai ipoe. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, nimefundishwa na watu wengi wenye vyeti vikubwa, lakini nikijiuliza ni nani aliyenifundisha kutoamini jambo kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa, jibu ni mtu huyu mmoja, na mwaka mmoja tu, nilipokuwa darasa la sita.

Darasa letu lilikuwa la mwisho katika safu, karibu na mteremko. Upande wa bonde madirisha hayakuwa na vioo, na asubuhi za Januari ukungu uliingia ukakaa na sisi mpaka ubao hauonekani vizuri kutoka nyuma. Mwalimu Zuberi aliletwa kwetu akitokea joto la huko chini, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kwa wiki za kwanza alifundisha akiwa amevaa sweta mbili na amejitanda shingoni mtandio wa mkewe, wenye maua. Tulimcheka sana kwa mtandio ule. Naye hakuona haya. Alituambia mkewe amebaki Muheza na mtoto mchanga, na kwamba mtandio ule ndio barua yake. Alikaa chumba kimoja kwenye nyumba za walimu, na jioni, sisi tuliotumwa kumpelekea kuni tulijichelewesha makusudi mlangoni, maana alipika wali wa nazi, na kwetu nazi ilikuwa kitu cha sikukuu. Alikuwa anatupakulia ukoko kwenye mfuniko wa sufuria, tukala tumesimama, huku yeye akituuliza maswali ambayo hatukuyazoea kutoka kwa mtu mzima. Kwa nini ukungu unapanda na moshi wa kuni zangu unashuka? Nani ameona? Tukimjibu hakusema ndiyo wala siyo. Alisema, "Haya, nionyesheni."

Somo lenyewe lilikuwa kuhifadhi chakula. Katika kitabu lilikuwa na mistari michache: kukausha, kutia chumvi, kugandisha. Walimu wengine waliandika mistari hiyo ubaoni, sisi tukanakili, mambo yakaisha. Mwalimu Zuberi aliuliza nani kwao wana friji. Darasa zima likacheka. "Basi kugandisha tukuweke kando," akasema. "Ni kitu gani kwenu kinaharibika kila mwaka mnakitazama tu?" Tukajibu kwa sauti moja: matunda damu. Kwa asiyetoka kwetu, haya ni matunda madogo ya mviringo, mekundu mpaka kwenye kokwa, na maji yake yakidondoka kwenye shati jeupe, mama yako atajua ulipopita. Mwezi wa kwanza milima yote hunukia matunda hayo. Mama zetu waliyachuma, wakayaosha mpaka yang'ae, wakayapanga kwenye matenga yaliyotandikwa majani ya mgomba, wakapanda nayo gari kushuka Mombo kuwauzia abiria wa mabasi ya barabara kuu. Walikaa huko siku kadhaa kwa ndugu, na kila mmoja alirudi na hadithi ileile: nusu ya tenga imelainika, imetoa maji, imemwagwa.

"Kwa nini?" akauliza Mwalimu. Majibu yakamwagika. Joto la Mombo. Barabara yenye kona nyingi. Mvua. Mmoja akasema ni mjamzito akiyashika, mwingine akasema ni jicho la husuda la wauzaji wenzao. Tulidhani majibu hayo mawili atayakejeli. Aliyaandika ubaoni pamoja na mengine, kwa mwandiko uleule. Nikamuuliza, "Hata la husuda, Mwalimu?" Akasema, "Hata hilo. Hatufuti jibu kwa kuwa halitupendezi. Tutalifuta tukipata sababu."

Debora ndiye aliyesema la kuoshwa. Debora alikuwa amerudia darasa. Alikuwa mrefu kuliko sisi na hakuwa na haraka ya kujibu, na kwa sababu hiyo shule nzima ilimhesabu mzito. Mwalimu mkuu, mtu wa maneno makali ambaye hakuwa mbaya moyoni, alikuwa amempa jina la Kesho, kwa kuwa, alisema, ukimuuliza leo atakujibu kesho. Siku ile Debora alisimama baada ya wote kumaliza. "Labda ni kuoshwa," akasema. Darasa likaangua kicheko, maana hakuna mama asiyeosha matunda yake. Mwalimu akanyoosha mkono tukanyamaza. "Umeona wapi?" Debora akafikiri. Tulisikia kuku wa mlinzi wakiparua nje. "Kwa babu," akasema. "Tunda likiwa mtini lina kama unga mweupe juu yake. Ukiliosha ule unga unatoka. Yale tunayokula bila kuosha yanakaa ndani siku nyingi." Mwalimu akatazama ubao, akachukua chaki, akaandika: kuoshwa. Kisha akapiga mstari chini yake.

Ndivyo matenga mawili yalivyoingia darasani. Moja la matunda yaliyooshwa, moja la yasiyooshwa, yote kutoka mashamba ya wazazi wetu waliokubali kwa kunung'unika. Tulipeana zamu. Kila asubuhi kundi moja liliyatoa matunda moja moja, likayabonyeza kwa kidole, likatenga yaliyooza. Chumba kikaanza kunuka pombe. Nzi wakaja. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasimama, akauliza kama hili ni darasa au ni kilabu. Lakini siku zilivyopita jambo likawa wazi hata kwake: tenga la yaliyooshwa lilikuwa linachuruzika maji, lile jingine limekaa kama lilivyoletwa. Nilikuwa sijawahi kuona darasa lenye furaha kama ile. Tulimbeba Debora juu juu, mrefu vile, miguu ikiburuta. Mwalimu mkuu naye akabadilika. Mkutano wa wazazi ulikuwa karibu, na mgeni wa elimu kutoka wilayani alikuwa anakuja, na sasa alitaka matenga yale yawekwe mbele ya watu na matokeo yasomwe. Niliteuliwa kuyasoma mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti.

Siku moja kabla ya mkutano tulikuwa tunafagia. Debora alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufagio wake, hafagii. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani, na lilikuwa limeangukia tenga moja tu. "Ruthi," akaniita taratibu. "Lile la kuoshwa liko kwenye jua." Nikamwambia ndiyo, na lile jingine liko nyuma ya kabati, nikamuuliza kwa nini hafagii. Akasema, "Limekuwa kwenye jua kila siku." Nilielewa kabla hajamaliza, na nilitamani nisingeelewa. Wenzetu walipojua wakamjia juu. Si wewe mwenyewe uliyesema ni kuoshwa? Sasa unajipinga? Debora alikuwa anapepesa macho kama mtu aliyemulikwa na tochi, lakini hakurudi nyuma. "Nilisema mimi," akasema. "Na bado nadhani hivyo. Lakini hii haionyeshi. Inaweza kuwa ni jua."

Mwalimu Zuberi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliingia, akakaa juu ya dawati la mbele, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyelifanya, akatazama tenga lililokuwa kwenye mwanga na lililokuwa kivulini. "Nimepita hapa kila siku," akasema, "na sikuliona." Kisha akamuuliza Debora anataka tufanye nini. "Turudie, Mwalimu." "Mkutano ni kesho." Debora akafikiri. "Basi tuwaambie hatujui."

Wanafunzi hawakuruhusiwa mkutanoni, lakini ukumbi ulikuwa darasa la saba, na darasa la saba lilikuwa na madirisha kama yetu. Tulichuchumaa chini yake, mimi na Debora na wengine, mgongo kwenye ukuta wenye unyevu, tukasikia kila neno. Tulimsikia mwalimu mkuu akimkaribisha mgeni kwa maneno mengi. Tulimsikia Mwalimu Zuberi akisimama. Alieleza matenga, akaeleza matokeo, watu wakaanza kupiga makofi, naye akawaomba wasubiri. Akasema kuna mwanafunzi ameona kasoro ambayo yeye mwalimu hakuiona, kwa hiyo darasa la sita halina jibu la kuwapa leo. Minong'ono ikapanda, Kiswahili na Kishambaa vikichanganyika. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta shule ili ajue. Wewe unamfundisha asijue?" Watu wakacheka. Mwalimu akangoja wamalize. "Mzee wangu," akajibu, "namfundisha atambue pale ambapo bado hajajua. Akilitambua hilo, hatadanganywa kirahisi." Mwingine akasema matunda yao yameliwa bure. Debora kando yangu alikuwa amefumba macho.

Kisha nikasikia sauti ya mama yangu. Mama alikuwa muosha matunda hodari kuliko wote kijijini. Aliyasugua kama anaosha mtoto wa kupeleka kanisani. "Mimi naosha," akasema, "na nitaendelea kuosha, maana nani atanunua tunda lenye vumbi? Lakini mwaka huu kila safari nimemwaga. Nimechoka kumwaga. Waacheni watoto warudie. Ila wasirudie hapa darasani. Hapa kuna baridi, na matunda hayaharibikii hapa. Yanaharibikia Mombo. Nitayabeba mimi mwenyewe, na wao waje waone." Hakuna aliyempinga. Mama hakuwa mtu wa kupingwa.

Baadaye, tulipokuwa tunarudisha viti ofisini, tuliwasikia walimu wawili nyuma ya mlango. "Umeniaibisha mbele ya mgeni, Zuberi," mwalimu mkuu alikuwa anasema, kwa sauti ya kuchoka zaidi ya hasira. "Watoto hawa wana mtihani mwakani. Mtihani hauulizi nani hajui." Mwalimu Zuberi akasema, "Nisamehe, mkuu." Debora aliweka kiti chini polepole, akaondoka bila kuniaga.

Matunda ya bondeni yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa kwa babu yake Debora, juu kabisa karibu na msitu, ambako baridi huchelewesha kila kitu. Tulipanda Jumamosi, wachache wetu na Mwalimu. Alisimama mara kwa mara kukohoa, ameshika mti, akisema tusimngoje, na sisi tukimngoja. Bibi yake Debora alitukaribisha jikoni, penye moshi na joto, akatupa makande yenye maharage makubwa kwenye sinia moja, na akamtazama Mwalimu akila. "Huyu kifua chake hakiwezi milima," akamwambia mumewe kwa Kishambaa, akijua mgeni haelewi. Mwalimu akanong'ona kwangu, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema karibu tena. Tulichuma matunda pamoja na vikonyo vyake, Debora akisimamia. Hakukubali matunda ya mti mmoja yawe yote upande mmoja. Hakukubali matenga yasiyolingana. Hata majani ya mgomba aliyapima kwa kuyaweka sambamba. Sijui kama Mwalimu alimfundisha hayo. Nadhani alikuwa anayajua siku zote, na hakuna mtu aliyewahi kumwachia nafasi ayaseme.

Mombo mimi, Debora na mama tulifikia kwa mama mdogo, nyumba ya bati karibu na barabara, na joto lake lilinishangaza kama kila mara: lilikaa ndani ya vyumba kama mgeni asiyeaga. Matenga mawili, la matunda tuliyoyaosha kabla ya kushuka na la yasiyooshwa, yaliwekwa barazani, ubavu kwa ubavu, kivuli kimoja, upepo mmoja. Tulilala mkekani, tukala ugali na samaki wa kukaanga, tukasikiliza wauza matunda wakisimuliana habari za madereva na waume zao. Siku ya kwanza matenga hayakutofautiana. Siku ya pili, Debora alipoingiza mkono kwenye lile la yaliyooshwa, alichelewa kuutoa. Akanionyesha kiganja chake, chekundu, chenye utelezi. Katika lile jingine alitafuta mpaka chini na akakuta machache tu yaliyolegea. Hapakuwa na dirisha la kusingizia. Nilimtazama nikitegemea aruke, lakini aliketi tu akafuta mkono kwenye majani, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Lakini shida ikawa nyingine. Basi liliposimama, mama alinyanyua sahani ya matunda yasiyooshwa, na abiria mmoja dirishani akakunja pua. "Mbona yamepauka, mama? Ni ya juzi haya?" Wa pili vilevile. Mama akarudi barazani akituangalia kwa jicho ambalo liliniambia safari ya kurudi itakuwa ndefu. Debora ndiye aliyeleta bakuli la maji. Aliliweka miguuni pa mama, na mama akalitazama, akamtazama yeye, akachukua matunda ya kutosha sahani moja, akayachovya, akayafuta kwa pindo la kanga. Yaling'aa kama shanga. Yalinunuliwa kabla basi halijaondoka. "Kwa hiyo yaoshwe huku," mama akasema, akiketi. "Si kule." Akacheka, akampiga Debora begani. "Na mimi nimekuwa nikiyapa maji kule juu kama nayabatiza."

Habari ilienea, ingawa si kwa wote. Jirani yetu mmoja aliendelea kuosha matunda yake nyumbani mpaka uzee wake, akisema hawezi kusafiri na kitu kichafu, na hakuna aliyegombana naye. Darasani tuliendelea na mambo mengine mwaka ule: maharage kwenye makopo, maji ya chemchemi tuliyoyachuja kwa mchanga. Mwalimu Zuberi akirudi na jibu kutoka kitabuni, tulimtaka atuonyeshe, naye akafurahi kama amepewa zawadi. Kisha shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka tuliambiwa amehamishwa. Hakutuaga. Maneno yakapita kijijini kwamba mwalimu mkuu ndiye aliyemwondoa, kwa ajili ya ule mkutano.

Darasa la saba Debora hakunyoosha mkono hata mara moja. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Aliolewa Bungu, na leo ana kitalu cha miche ambacho watu hukifuata kutoka mbali, kwa sababu akikuambia mche huu utashika, utashika. Mara moja tu, tukiwa tayari na watoto, aliniambia lile alilolibeba. "Ningenyamaza siku ile," akasema, "Mwalimu angebaki." Nilimwambia si kweli. Lakini sikuwa na namna ya kujua, na Debora si mtu wa kufarijiwa kwa maneno matupu.

Muheza tulifika mchana. Nyumba ilikuwa ndani ya shamba la machungwa, na wanawake walikuwa wamekaa mikekani sebuleni. Mjane, Mama Salma, alikuwa mdogo wa umbo na mwenye macho makavu ya mtu aliyekwisha lia. Tukamwamkia shikamoo, tukampa pole, akauliza sisi ni akina nani. Debora alikuwa ameinama, anavuta nyuzi za mkeka. Nikasema sisi ni wanafunzi wa mzee, wa Lushoto, zamani sana. Mama Salma akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Debora ni yupi kati yenu?" akauliza.

Nikamwonyesha. Mama Salma akasogea karibu naye. "Mwaka ule alikuja likizo ya katikati," akasema, "akaniambia, Mama Salma, kule kuna mtoto amenirudisha kazini. Nikadhani alifukuzwa akarudishwa. Kumbe alikuwa amekwisha amua kuacha ualimu aje alime machungwa, hajaniambia. Akasema mtoto huyo amemkosoa mbele ya darasa zima, na alikuwa sahihi. Alifundisha mpaka anastaafu, huyu. Haya machungwa nimeyalima mimi."

Debora aliinama zaidi juu ya mkeka. Wanawake wengine walidhani ni majonzi, mmoja akampa maji. Hakuyanywa. "Mama," akasema mwishowe, "si mwalimu mkuu aliyemhamisha?"

"Nani?" Mama Salma akashangaa. "Niliyemhamisha ni mimi. Alikuja huku anakohoa usiku kucha, nikasema sitakuwa mjane na mtoto mdogo. Nilikwenda mwenyewe ofisi za elimu Tanga, Salma mgongoni, nikakaa pale kila siku mpaka wakachoka kuniona. Yeye alikuwa hataki. Alininunia mwezi mzima. Hata wali wangu hakuusifu."

Debora akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikamsogelea nimshike, na nilipovuta pindo la kanga nikaona kwamba analia na anacheka kwa pamoja. Mama Salma akamtazama kidogo, halafu naye, katikati ya msiba wake, akaanza kucheka.